Hasikii Vipi?

Mkuu wa chuo chenu aliniomba nije nizungumze nanyi, walimu vijana mnaoanza kazi ya kupima masikio ya watoto. Nilimwambia magoti hayataki. Kutoka kwangu Kitendaguro hadi barabarani ni mteremko mtupu, na mteremko ulioushuka asubuhi jioni unageuka mlima. Basi nikasema nitaandika, anayetaka asome, asiyetaka afungie maandazi. Sitakasirika. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka husema kweli upesi ili akapumzike.

Nianze na neno moja, kwa sababu limenichosha kuliko mashine zote na safari zote. Neno lenyewe ni "hasikii". Mzazi anaingia mlangoni, anamsukuma mtoto mbele, anasema, mwalimu, huyu hasikii. Sasa amesema nini? Kwa Kiswahili chetu asiyesikia ni kiziwi, na asiyesikia ni mtundu, na asiyesikia ni yule aliyekatazwa kwenda ziwani akaenda. Kihaya nacho ni hivyo hivyo, kusikia na kutii vinalala kitanda kimoja. Wazazi wengi hawajui wenyewe wamekuja na lipi kati ya hayo. Wengine walishaamua nyumbani kwamba ni utundu, wakasema sikio la kufa halisikii dawa, fimbo ikafanya kazi yake, na kwako wamekuja upige muhuri tu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, miaka yote, lilikuwa: hasikii vipi? Akiitwa kutoka nyuma, au hata ukiwa mbele yake? Jikoni penye utulivu, au sokoni? Asubuhi, au jioni akishachoka? Au sauti anaisikia, ila hajui imesema nini? Mzazi akianza kukuna kichwa kutafuta majibu, mwacheni akune. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Swali hilo sikulibuni mimi. Nililipata kwa Bi Zuhura, muuguzi wa chumba cha masikio katika hospitali moja mjini Bukoba, ambako nilipelekwa kujifunza nikiwa bado na meno yote. Alikuwa wa ukoo wa Waislamu wa mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani na bidhaa zake, akaoa Mhaya, akasahau kurudi. Kiswahili cha Bi Zuhura kilikuwa kimenyooka, nami nilikuwa na Kiswahili changu cha Kamachumu, kwa hiyo mara nyingi alinisikiliza huku amebana midomo asicheke.

Nilifika kwake nikiwa nimejaa majina marefu ya kitabuni. Wiki za mwanzo tukaletewa mtoto wa kiume ambaye shule ilikuwa imeshamkatia tamaa. Mimi nikaanza kueleza kuhusu ubongo na njia za sauti, nikaeleza vizuri sana, nadhani. Bi Zuhura akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua tochi yake, akachungulia sikio, akatoa humo punje ya kahawa. Mnajua kahawa yetu ya kutafuna, ile anayowekewa mgeni akifika. Mtoto alipoulizwa ilifikaje huko, akasema alikuwa analikaribisha sikio. Bi Zuhura akanikabidhi ile punje na kuniambia niitunze. Kabla hujatamka jina kubwa, chungulia. Angalia kama kuna nta, usaha, mdudu, punje. Uliza kuhusu homa kali alizopata na dawa alizopewa. Ndipo mashine. Jina kubwa linakuja mwishoni, na mara nyingi haliji kabisa.

Lakini kuna watoto ambao unachungulia na kukuta sikio safi, unawavalisha vipokea sauti vya mashine, wanainua mkono kila mlio unapolia, hata ule mdogo kabisa. Kisha wanarudi darasani na hawaambulii kitu. Sikio linapokea, ila huko ndani maneno yanachelewa kupambanuliwa, hasa penye kelele, au mtu akisema haraka, au akitoa maagizo matatu kwa pumzi moja. Vitabu vinaliita jambo hilo ugumu wa kuchakata sauti. Sisi tulikuwa tunasema tu, mtoto wa kelele, maana akiwa penye utulivu humtambui. Hawa ndio walioninyima usingizi, kwa sababu mashine iko upande wa wanaowapiga.

Ili kuwatambua, tulipewa jozi za maneno yanayofanana, mtoto ayasikie na kuyarudia. Zilitoka mbali na huku, na aliyezitunga sidhani kama aliwahi kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na Mhaya hata siku moja. Kula na kura. Hali na hari. Mahali na mahari. Nikazibeba kwa heshima hadi shule moja ya Muleba, nikawakalisha watoto mmoja mmoja, nikayasoma. Wote wakashindwa. Nikamwita mwalimu wao anisaidie kusoma, naye akashindwa kuyasoma. Mwalimu mkuu akaja kuona kuna nini, akaombwa kurudia, akasema mahari mara mbili, akauliza kama kuna mtu anaoa.

Nilirudi kwa Bi Zuhura na uso mrefu nikamwambia hali ni mbaya, tatizo limeenea. Akaniomba nimsomee zile jozi kama nilivyowasomea watoto. Nikasoma. Alicheka mpaka akakaa chini. Sisi huku l na r ni ndugu wa tumbo moja, hatujui kuwatenganisha, na mimi nilikuwa nawapima watoto kwa kitu ambacho kinywa changu chenyewe hakina. Kama ningefuata yale majibu, Muleba nzima ingepelekwa shule maalumu, nami nikiwa wa kwanza kwenye gari. Tukakaa tukatafuta jozi nyingine: bata na pata, saa na taa, simu na sumu. Na kwa mtoto ambaye Kiswahili hakijamkaa, tukatafuta za Kihaya. Kabla hamjasema sikio lake limekosea, hakikisheni lugha mnayompimia ni yake.

Jambo jingine ni adabu yetu. Mtoto aliyelelewa vizuri huku, mkubwa akimuuliza "umesikia?", jibu lake ni moja tu: eee, waitu, yaani ndiyo, mkubwa wangu. Awe amesikia au hakusikia. Kumwambia mkubwa kwamba hujaelewa ni kama kumwambia amesema vibaya. Nimeona walimu wazuri wakiuliza umesikia, darasa likaitika, na mtoto mmoja kule nyuma akaitika pamoja na wenzake huku hana hata neno moja kichwani. Msiulize umesikia. Ulizeni, nimesema nini? Hapo adabu haiwezi kumficha.

Sasa niwasimulie habari za Nyangeta, maana nikifa bila kuzisimulia nitakuwa nimewapa mifupa bila nyama.

Nyangeta alikuwa mtoto wa mvuvi wa Bumbire, Mjita aliyekuja kisiwani kufuata dagaa, jina lake Magesa. Kwa ajili ya shule walimweka kwa shangazi yake Kamachumu. Alikuwa na miaka kama tisa hivi, mkimya, macho yake hayaachi mdomo wa mtu. Hiyo nayo mwitazame: wengi wa watoto hawa wamejifunza kusoma midomo bila kufundishwa. Shuleni alionekana mpumbavu siku nyingine na mwerevu siku nyingine, na hilo ndilo liliwakasirisha walimu. Mpumbavu wa kila siku anahurumiwa. Anayeweza leo na kushindwa kesho anaambiwa anajifanya.

Magesa alikuja naye kliniki, kwenye chumba cha Bi Zuhura, akiwa ameshika mkono wake kwa nguvu. Shangazi alikuwa ameongozana nao pamoja na binti yake mwenyewe, wa rika moja na Nyangeta. Nikauliza swali langu. Magesa akajibu akiwa amesimama.

"Mwalimu, huyu anasikia. Walishampima kwingine, wakasema anasikia vizuri. Basi ni kiburi. Nimekuja kwa sababu dada yangu amenisumbua. Na wewe ukisema anasikia, leo hii napanda naye mtumbwi. Kuanika dagaa hakuhitaji shule."

Mtoto alikuwa anatazama mdomo wa baba yake wakati wote huo. Aliyaelewa yote, kwa sababu chumba kilikuwa kimya na alikuwa amemkabili. Nikamvalisha vipokea sauti, nikaanza mashine, na kila mlio ulipolia mkono ukainuka. Nilipunguza mpaka mwisho wa kitufe, mkono ukainuka. Sijawahi kutamani mtoto ashindwe mtihani kama siku ile. Magesa aliuona ule mkono, akaanza kuvaa kofia yake.

Mnaelewa nilipokuwa? Kusema "anasikia" ilikuwa kweli, na kweli hiyo ingempeleka mtoto kisiwani moja kwa moja. Kusema "hasikii" ilikuwa uongo, na baba yake angesikia neno lile lile alilokuja nalo, utundu. Kiswahili hakikunipa pa kusimama. Nikamtazama Bi Zuhura.

Bi Zuhura akatoka, akarudi na sinia la bati na maharage makavu. Akamwomba Magesa kwa upole avue kofia atusaidie, kwa kuwa sisi Kijita hatukijui na mtoto anastahili kupimwa kwa lugha ya kwao. Mtu hawezi kukataa kuombwa lugha yake. Nyangeta akakaa akitazama ukuta, baba yake akasimama nyuma, akaanza kumtajia maneno ya Kijita, ya kawaida ya nyumbani kwao, mtoto arudie. Akarudia yote bila kosa. Magesa akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo Bi Zuhura akamwaga maharage kwenye sinia, akaanza kulizungusha karibu na mtoto. Mkitaka kujua sauti ya mvua ya Bukoba juu ya bati, zungusheni maharage kwenye sinia. Akamwambia Magesa aendelee. Magesa akasema neno, mtoto akarudisha jingine. Akasema la pili, mtoto akanyamaza. La tatu mtoto akabahatisha, nikaona kwenye shingo yake kwamba anabahatisha. Magesa akamkaripia. Akapaza sauti, akapaza zaidi, na majibu hayakuwa afadhali, kwa sababu shida haikuwa udogo wa sauti.

Bi Zuhura akamsimamisha Nyangeta, akamweka binamu yake kwenye kiti kile kile, na maharage yale yale. Yule wa shangazi, ambaye Kijita alikipata kwa mama yake tu, akarudia maneno yote huku anacheka.

Magesa akamwomba mtoto wake arudi kitini. Akamwomba Bi Zuhura asimamishe sinia. Akasema neno moja kwa sauti ya chini sana, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliishika kwa shida, na Nyangeta akalirudia sawasawa akiwa bado anatazama ukuta. Baba yake akakaa chini.

"Mwalimu," akasema baadaye, "injini ya mtumbwi ina kelele kuliko hayo maharage."

Nikamwambia ndiyo, ina kelele zaidi.

"Siku moja nilimwambia ashike kamba. Hakushika. Tulikaribia kupinduka. Tulipofika nchi kavu nilimpiga mpaka watu wakaniondoa." Akaitazama kofia yake. "Nilimpiga kwa sababu ya injini."

Shangazi alikuwa analia, nami nililia pia, na sioni haya kuwaambia. Ila kelele za darasani zilikuwa bado ziko pale pale, zikimsubiri mtoto.

Tahadhari, kabla hamjaenda kununua masinia. Maharage si kipimo. Yalikuwa ya kumfungua macho baba. Baada ya siku ile tulimwita Nyangeta mara nyingi, tukampima kwa Kijita na kwa Kiswahili, tukapima kumbukumbu yake ya maneno, tukatazama kama ni usikivu au ni umakini tu unaotangatanga, tukamwandikia rufaa aende hospitali kubwa zaidi yenye vifaa vya kupima maneno ndani ya kelele. Magesa aliuza nyavu zake nzuri ili wasafiri. Jina kubwa lilikuja mwisho, kama Bi Zuhura alivyonifundisha, na lilipokuja halikutibu kitu. Halina kidonge. Lina mambo madogo madogo ya kufanya kila siku, na hayo ndiyo yanayochosha.

Mtoto akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Mwalimu asiseme akiwa ameligeuzia darasa mgongo akiandika ubaoni. Agizo moja, likiisha ndipo la pili. Mvua ikinyesha juu ya bati, nyamaza, andika. Magesa alivuka ziwa na majamvi ya mafunjo, yeye na wazazi wengine wakayafunga chini ya bati la darasa kwa vipande vya nyavu kuukuu, na mvua ikapungua ukali. Walimu wakagundua kwamba darasa zima limeanza kusikia vizuri, siyo Nyangeta peke yake. Muhula ule alisoma vizuri.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilisema nitasema kweli. Mwalimu wa Nyangeta akahamishwa. Aliyekuja akamrudisha Nyangeta nyuma kwa sababu ni mrefu na anawakinga wenzake. Nikapanda gari, nikaenda kueleza upya. Akahamishwa naye. Majamvi yakaliwa na panya, yakashushwa, wakasema yanaleta uchafu. Nikaenda tena. Kila nilipofika nilikuta mtu mpya mwenye sentensi ile ile mdomoni: anasikia anapotaka. Hii kazi, vijana wangu, si ya kupima. Kupima ni siku moja. Kazi ni kurudia maneno yale yale kwa watu wapya mpaka sauti ikauke. Bi Zuhura alifariki nikiwa njiani kwenda kuyarudia. Nyangeta alimaliza darasa la saba, akarudi visiwani, na sikupata habari zake tena. Kuna miaka niliamini kwamba nilimchelewesha tu kufika kwenye dagaa.

Siku hizi masikio yangu mwenyewe yamezeeka. Nyumbani nasikia, kanisani nasikia nusu, harusini nacheka wengine wanapocheka. Juzi nilikuwa nimekaa dukani karibu na mashine ya kusaga nafaka, nasubiri unga wangu, kelele imejaa kila mahali. Akaja mama mmoja kijana, amebeba ndoo ya dagaa. Hakuniita kwa nyuma. Alizunguka akasimama mbele yangu, akapiga goti, akanisalimu, akasema maneno marefu. Nikatikisa kichwa, nikasema eee, waitu.

Hakuondoka. Alinitazama mdomoni, akatabasamu.

"Nimesema nini, mwalimu?"

Sikuwa na hata neno moja. Akanishika mkono, akaniinua taratibu, akanipeleka nyuma ya ukuta wa duka ambako mashine haifiki sana. Akanikabili, akarudia polepole, jambo moja, halafu la pili.

"Mimi ni Nyangeta wa Bumbire. Nina mtoto wa kiume, yuko darasa la pili. Mwalimu wake anasema hasikii. Nimemwambia asimguse kwanza, mpaka nijue hasikii vipi."

Nikamwambia amlete Jumamosi asubuhi, kabla hawajawasha mashine ya kusaga. Masikio yangu hayafai tena kumpima mtu, kwa hiyo mmoja wenu aje Kitendaguro na vifaa vyake. Maharage na sinia vipo.